Mtani wa Angani

Rubani na mwongoza ndege ni watu wa ajabu. Wanagombana kila siku na wengi wao hawajawahi kuonana sura. Rubani akiambiwa subiri, anaamini yule wa chini ni mvivu aliyelala kitini. Wa chini naye akisikia mtu anafoka redioni, anasema huyo kichwa kimemvimba kwa kukaa karibu na Mungu. Ugomvi huo ulipozidi katika viwanja vya kusini, mkubwa mmoja Dar es Salaam akapata wazo, na safari hii halikuwa baya: marubani wapelekwe mnarani, wakae na hao wanaowafokea, wanywe nao chai. Zamu ya Nachingwea iliangukia mwaka 2003, mwezi wa kumi, korosho zikiwa ndiyo zinaanza kuingia maghalani.

Twaha hakutaka kwenda. Alisingizia tumbo, na meneja wake akamcheka.

"Si wewe ndiye mwenyeji wa huko? Wenzako wataonyeshwa na nani choo kilipo?"

Basi akapanda na wenzake. Geofrey, Mngoni wa Peramiho, ndiye aliyeendesha, na Twaha alikaa nyuma kama abiria. Njia nzima hakusema neno.

"Leo umemeza nini wewe?" Geofrey alimuuliza. "Au unaogopa watu wa mnarani watakudai salamu?"

Twaha akatabasamu kwa kulazimisha. Mnara haukumtisha. Alichokiogopa ni watu wawili waliokaa karibu na mnara huo. Mmoja alikuwa Ildefonsi, mwongoza ndege wa siku nyingi, ambaye ndiye peke yake duniani aliyejua Twaha alifanya nini mwaka 1996. Wa pili alikuwa Mwamini, dada yake Twaha wa toka nitoke, aliyekuwa na banda la chakula nje ya uzio wa uwanja. Huyo ndiye aliyetakiwa asijue kabisa. Na hao wawili walionana kila asubuhi, kwa sababu Ildefonsi hakuweza kuanza kazi bila maandazi ya Mwamini.

Habari yenyewe ni hii.

Uwanja wa Nachingwea ulikatwa porini enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zilishindikana, uwanja ukabaki, mrefu kupita haja ya mtu yeyote, na mji ukakua kuuzunguka. Msikiti na nyumba nyingi ziko upande huu, na makaburi ya Waislamu yako upande ule. Sasa wewe ukifiwa utafanyaje? Utazunguka uwanja mzima na maiti begani, jua likiwaka? Watu walivuka, wakanyoosha. Na watu wa mnarani, ambao nao walikuwa na ndugu wa kuzika, walijiwekea sharti lao lisiloandikwa popote: jeneza halisimamishwi. Ndege ndiyo isubiri.

Alasiri moja ya mwaka huo wa 1996, Twaha alikuwa analeta wanunuzi wa korosho. Ildefonsi alikuwa ameshuka na redio ya mkononi, amesimama pembeni mwa njia ya kurukia, ameifungulia sauti yote kwa sababu ya upepo. Akamwambia Twaha azunguke, njia haiko wazi, kuna jeneza linavuka. Twaha akazunguka. Akaambiwa azunguke tena. Joto lilikuwa linairusharusha ndege, na huko nyuma mnunuzi mmoja alikuwa tayari ameshatapika kwenye kofia yake mwenyewe. Sheria inasema redioni ni Kiingereza, lakini hasira haijui Kiingereza. Twaha alibonyeza kitufe akasema kwa Kiswahili cha nyumbani:

"Mwambieni huyo marehemu aongeze mwendo! Amekuwa mvivu duniani, hata huko anakokwenda anakwenda kwa uvivu? Kama hataki kuzikwa ashuke atembee mwenyewe!"

Kisha akageuza pua ya ndege akaenda kutua Masasi.

Aliyekuwa jenezani ni Bi Mwanawetu, mama yake mzazi.

Asubuhi ile mama alikuwa mzima, anapepeta mpunga uani kwa Mwamini. Akaweka ungo chini, akasema kichwa kinamgonga, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huko. Ujumbe uliotumwa kumtafuta Twaha ulimkuta Dar es Salaam, na alipofika nyumbani, matanga yalikuwa karibu kuanuliwa. Dada yake alimkumbatia, akalia naye, na kabla machozi hayajakauka akaanza kumsimulia kioja.

"Twaha, mama amepata mtani! Amepata mtani kutoka angani!"

Maana waliobeba jeneza waliisikia ile sauti, neno kwa neno. Kwingineko rubani angelaaniwa. Lakini kwa Wamwera kama wao mtu anayeruhusiwa kumtukana maiti yupo, naye ni mtani. Mtani huja msibani akalala njiani jeneza lisipite. Huvaa nguo za marehemu akaigiza mwendo wake, akamwita mchoyo, akamwita mlafi, na wafiwa hawana ruhusa ya kununa. Watampa haki yake, kuku au nguo, naye atawaachia kicheko. Na Mngoni ni mtani wa Mmwera tangu mababu walipoacha kuchomana mikuki. Kwa hiyo waliobeba jeneza walisikiliza, wakatazamana, wakaamua papo hapo kwamba rubani yule ni Mngoni. Angekuwa nani mwingine? Walicheka mpaka begani jeneza likatikisika. Habari ikafika Ruangwa kabla ya magrib: Mwanawetu wa kijiji cha Matambarale, mwanamke aliyelima mihogo na ufuta maisha yake yote, ametaniwa na mtu mwenye ndege.

Pale Twaha alifungua mdomo aseme. Mjomba mmoja akamuuliza, bila nia mbaya, "Na wewe baba, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Mdomo ukasema, "Songea."

Kwa nini asiseme ukweli? Kwa sababu mtoto si mtani wa mama yake. Mtani akitukana jeneza, ni ada. Mwana akitukana jeneza la mama yake, hiyo ni laana, na hakuna kuku wa kuiosha. Twaha aliijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma. Basi akakaa kimya, akawaacha wacheke, na yeye akacheka nao kidogo. Tangu hapo hakukubali tena safari ya ndege ya Nachingwea. Akija kwa dada yake, alikuja kwa basi.

Mwamini naye hakumwachia hivi hivi. Kila Idi, akishampakulia, humtupia lake. "Wenye miguu walifika kumzika mama. Mwenye mabawa ndiye aliyekosekana." Anasema anacheka, lakini neno lilikuwa na mwiba, na Twaha alilimeza na pilau.

Hayo ndiyo aliyopanda nayo ngazi za mnara.

Juu kulikuwa na chumba kidogo chenye vioo pande zote, redio kuukuu, darubini, na chupa ya chai. Ildefonsi alikuwa mfupi, mwembamba, ana kikohozi. Marubani walishangaa, kwa sababu redioni sauti yake ni ya jitu. Nao waongoza ndege walishangaa kwamba Geofrey, anayeongea kwa ukali kama askari wa zamu, ni kijana anayependa sukari nyingi. Wakapeana mikono, wakataniana, kila mmoja akatoa malalamiko yake ya mwaka mzima, na kwa kweli ule mkutano ulikuwa wa maana. Rubani mmoja alikiri kwamba hakuwahi kujua kuwa mtu wa chini anaweza kuwa anafukuza mbuzi kwa mikono yake huku anaongea naye kwa adabu.

Wenzao walipoinama kuangalia redio, Ildefonsi alimgusa Twaha bega, wakatoka kwenye kibaraza cha nje.

"Kapteni Twaha. Sauti yako imenenepa kidogo."

"Unanikumbuka?"

"Mimi sura nasahau. Sauti sisahau."

Twaha akashika bomba la kibaraza. "Umemwambia dada?"

"Ameniuliza mara nyingi mno huyo mtani ni nani. Nikamwambia ni Mngoni mmoja, amehamia mbali."

"Kwa nini umenificha, mzee? Mimi sikukuomba."

Ildefonsi alikohoa, akatema mate chini kabisa kule, akafuta mdomo. "Siku ile nilikuwa hatua chache kutoka kwenye jeneza. Wewe unawaka redioni, mimi natafuta kitufe nipunguze sauti, wao wanaangua kicheko. Watu waliokuwa wanalia, Kapteni. Nilipokuja kugundua kwamba mdogo wake Mwamini ni rubani na jina lake ni Twaha, nikafikiri: nikikatiza kicheko cha wafiwa, mimi nitapata nini? Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nimekuwa kata yako."

Twaha hakujua ashukuru au aone haya. Alifanya yote mawili kwa pamoja.

"Sasa sikiliza," Ildefonsi aliendelea. "Leo kuna jambo. Amesikia marubani wanakuja, akaomba apike yeye. Na kule chini amekuja na kanga."

"Kanga ipi?"

"Ya mama yenu. Aliiweka tangu arobaini, ni haki ya mtani. Ameniambia, Ildefonsi, leo utanionyesha kwa kidole."

Twaha alizitazama ngazi. "Nitafanyaje?"

"Usifanye kitu. Huyo Geofrey si Mngoni? Nimeshamnong'oneza. Amekubali kwa mikono miwili, anasema mtani hana mshahara lakini ana posho. Wewe kula wali wako, nyamaza."

Na Twaha akashusha pumzi. Tusimpambe: alifurahi. Alishuka ngazi mwepesi kuliko alivyopanda.

Chakula kiliwekwa kwenye veranda chini ya mnara. Mwamini alikuwa amevaa gauni la kijani la sikukuu, ametupia mtandio, anapakua pilau ya kuku huku macho yake yanapita kwenye nyuso za wageni mmoja mmoja. Alipomfikia mdogo wake akamwongezea paja.

"Kula, mwenye mabawa. Angalau leo umewahi."

Watu wakacheka. Kisha akamgeukia mwongoza ndege. "Haya, Ildefonsi. Ahadi ni deni. Yuko wapi mtani wangu?"

Ildefonsi akakohoa kwanza, halafu akanyoosha kidole kwa Geofrey.

Loo! Mwamini alipiga vigelegele mpaka mlinzi wa getini akatoka kibandani. Alifungua mfuko wa rambo akatoa kanga, doti nzima, ya rangi ya kahawia iliyopauka kidogo kwenye mikunjo, na akamfunika nayo Geofrey mabegani kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka akiwa anacheka. "Mtani wangu! Ulitufurahisha siku mbaya kuliko zote. Mama yangu alizikwa kama malkia kwa ajili ya mdomo wako mchafu!"

Na Geofrey ni Mngoni kweli, hakufundishwa kazi hii darasani. Alisimama, akajifunga ile kanga kiunoni, akajitanda kipande cha pili kichwani, akaanza. "Bibi gani huyu aliyezoea kuchelewa! Hata mbinguni wamefunga mlango wakisema tumemsubiri tumechoka!" Marubani walishika mbavu. Akainama, akashika kiuno, akaanza kutembea kikongwe, anaburuta mguu, anatetemeka kidevu, anaomba ugoro kwa kila aliyempita. Mwamini alicheka mpaka akaegemea nguzo.

Twaha alikuwa na tonge mkononi. Aliitazama ile kanga. Aliijua. Mama alikuwa anaivaa kwenda shamba, na mara ya mwisho alipomsindikiza stendi alikuwa ameivaa, anakwenda mbele ya Twaha na begi lake kichwani, Twaha anahema nyuma anamwambia mama punguza mwendo. Mama hakuburuta mguu hata siku moja. Mama alikuwa anatembea mpaka vijana wanachoka. Na huyu Geofrey, maskini, hakuwa na kosa. Alikuwa anaigiza bibi yeyote, kwa sababu mama yao hakumjua.

"Hatembei hivyo," Twaha alisema.

Geofrey alidhani ni sehemu ya mchezo. "Anatembeaje? Anabebwa?"

"Mama hatembei hivyo!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Akaweka tonge kwenye sahani. "Vua hiyo kanga, Geofrey. Dada, siyo yeye. Hakuwa hata ameanza kurusha ndege mwaka ule, alikuwa bado mwanafunzi. Ile sauti ilikuwa yangu."

Mwamini aliendelea kutabasamu kwa muda, tabasamu la mtu ambaye bado hajasikia.

"Wewe ulikuwa Songea," alisema.

"Sikuwa Songea. Nilikuwa hapa juu na wanunuzi wa korosho. Sikujua ni nani aliyekuwa anavuka. Nilipoambiwa, niliogopa."

Upawa ulimponyoka Mwamini ukaanguka kwenye sakafu. Geofrey alivua kanga polepole, akaikunja vibaya, akaiweka juu ya benchi na kurudi nyuma.

"Mshenzi wewe!" Mwamini alisema. "Mama yako mzazi! Aliyekunyonyesha! Na mimi nikacheka. Nimecheka kwenye arobaini, nimecheka Matambarale mbele ya wajomba, nimewafundisha wanangu waseme maneno yale kama shairi. Kumbe nacheka laana!"

"Bi Mwamini," Ildefonsi alianza, "kijana hakujua..."

"Wewe nyamaza! Miaka yote umekula maandazi yangu na uongo mdomoni!"

Marubani waliangalia sahani zao. Mmoja alitaka kuondoka, lakini njia ya kutokea ilipita mbele ya Mwamini, akaona bora abaki.

Twaha alisimama mikono ikining'inia. Alikuwa ameliogopa jambo hili kwa muda mrefu sana, na sasa lilipokuja aliona hana la kujitetea. Alitaka tu dada ampige, yaishe. Mwamini hakumpiga. Aliketi kwenye ukingo wa veranda, akavuta mtandio, akalia kwa hasira, kisha hasira ikapungua kikabaki kilio.

"Unajua ulinifanyia nini?" alisema bila kumtazama. "Siku ile walimtoa ndani, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Mimi mwanamke, makaburini siendi, mlangoni ndipo nilipoishia. Nikakaa nasubiri wanaume warudi, niwaulize mama ameendaje. Wakarudi. Namuuliza huyu, ananiambia habari ya mtani. Namuuliza yule, ananiambia habari ya mtani, huku anacheka. Nikacheka nao, ningefanyaje? Lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia mama ameendaje. Maneno yako ndiyo niliyoletewa. Mazishi sikuletewa."

Mlinzi wa getini alirudi kibandani kwake.

Kisha Mwamini akainua uso, akamtazama mdogo wake kwa namna nyingine.

"Ulikuwa juu?"

"Nilikuwa juu, dada."

"Uliliona jeneza?"

Twaha alitazama njia ya kurukia. Miaka yote alikuwa anayakumbuka aliyoyasema. Hakuwahi kujiuliza aliona nini, na alipojiuliza sasa, aliona kwamba anayo yote, hata moja halijapotea.

"Niliona."

"Basi kaa hapa. Niambie."

Akaketi kando yake ukingoni.

"Lilikuwa na kitambaa cha kijani," alisema. "Walikuwa wengi, dada. Mimi nilidhani ni sheikh mkubwa anazikwa. Walioko nyuma walikuwa wanakimbia kwenda mbele ili washike, wakishashika wanapokelewa, wanakimbia tena. Lilikuwa linapita juu ya mabega bila kutulia kwa mtu mmoja."

"Hawakumtua chini?"

"Hawakumtua. Kukawa na lori, linakuja kwa barabara ya Ruangwa, vumbi tupu. Lilisimama pembeni ya uwanja, watu wakaruka kabla halijasimama vizuri, wakakata njia ya kurukia mbio. Mmoja alikuwa na kanzu, ameishika mkononi, anakimbia na bukta."

"Huyo ni Mjomba Hamisi," Mwamini alisema. Kicheko na kwikwi vilimtoka pamoja. "Wakafika?"

"Wakafika. Wakambeba wao mpaka ng'ambo. Nilipokuwa nageuza kwenda Masasi, nikaona wa mbele wanaingia kwenye miti."

Mwamini alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alivuta pumzi ndefu akaitoa. Pilau ilikuwa imepoa.

"Sema tena," alisema. "Anzia mlangoni."

"Mlangoni sikuona, dada."

"Ya mlangoni ninayo mimi," Mwamini alisema. "Nitaanza, unipokee."